Magari ya Kimya ya Kipawa

Kila mwisho wa mwezi, jua likishalegea na vumbi la barabarani likishatua, Tupokigwe alichukua chaki zake akaenda kuyachora mauzo ya mwezi kwenye uzio wa mabati. Chaki nyeupe ilikuwa ya magari ya petroli, ya kijani ya haibridi, na ya buluu ya magari ya umeme. Madam Kokuberwa, mwenye yadi ya magari pale Kipawa, alikuwa na kompyuta ofisini yenye mauzo yote hayo, tena kwa rangi nzuri zaidi, lakini alisema hawezi kufikiri mbele ya kitu kidogo namna ile. Alitaka kuuona mwezi kwa ukubwa wake. Alisimama mbali, mikono kiunoni, akautazama kama anavyomtazama mtu aliyechelewa kazini.

Na miezi ilikuwa na mambo yake. Januari mistari yote ililala chini, maana Januari watu wa Dar hawanunui magari, wananunua sare za shule. Masika ilipoanza, mstari mweupe ukainuka kidogo, watu wakitafuta magari marefu ya kuvukia madimbwi. Kisha bei za mafuta zikaanza kupanda, na kila zilipotangazwa upya mwanzoni mwa mwezi, mstari wa kijani ulijivuta juu, ukajivuta tena, mpaka ukaukuta ule mweupe na kuupita. Tupokigwe aliupenda mstari huo kuliko kitu chochote pale yadi. Alizaliwa Tukuyu, penye milima, na mstari ule ulipanda taratibu kama njia ya kwenda kwa bibi yake. Akiufuata kwa macho ulimfikisha mbali sana, kwenye jiji ambalo hajawahi kuliona, ambako magari yanapita chini ya madirisha na watoto wanaendelea kulala.

Kuota si kosa. Kosa lake ni kwamba aliota kwa sauti, mbele ya bosi.

"Madam, watu wameshazoea haibridi," alimwambia siku moja. "Nusu mafuta, nusu umeme. Mtu akishazoea nusu, ataitaka nzima. Tulete ya umeme kabla wenzetu hawajaamka."

Madam Kokuberwa hapendi kuwa wa pili kwenye jambo lolote, hata foleni ya benki. Aliyaleta. Yalishuka bandarini, yakaja Kipawa juu ya lori, meupe na ya rangi ya fedha na moja la buluu, yakapangwa mbele kabisa karibu na geti. Tangu siku hiyo mstari wa buluu haukuwahi kuinuka. Ulijilaza chini ya uzio, pale bati linapoanza kushika kutu, mwezi huu, na mwezi uliofuata, na ule wa baada yake.

"Tupo," Madam alisema mbele ya uzio, bila hasira, na hilo ndilo lililotisha. "Mie sijafungua makumbusho hapa. Mwezi huu ukiisha halijatoka hata moja, nayatoa kwa wale jamaa wa sola. Watachomoa betri, mabodi yataenda kwa wa vyuma chakavu. Na wewe itabidi tuagane vizuri tu. Sina ugomvi na wewe, lakini siwezi kumweka mtu wa kuniotea ndoto."

Tupokigwe aliitikia "sawa, Madam", akaenda kunawa chaki mikononi. Kazi ilimuuma, nani asiyeumwa na kazi, na kodi ya chumba chake Tandika haijui habari za ndoto. Lakini kilichomuuma zaidi ni wazo la yale magari kufunguliwa matumbo. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alizoea kuingia ndani ya lile la buluu na kufunga mlango. Mlango ukifungwa, Kipawa yote ilirudi nyuma hatua chache. Malori, honi, mahubiri ya vipaza sauti, vyote vilibaki nje ya kioo vikifumba na kufumbua midomo. Ndege zilizokuwa zikishuka uwanjani zilipita juu ya paa la gari bila haraka, tumbo moja jeupe baada ya jingine, na kivuli cha kila moja kilimpapasa usoni kikaondoka. Alikaa hivyo na chakula chake mapajani, akisahau kula, akiwaza kwamba labda mji wote ungeweza kuwa hivi siku moja. Kisha mtu aligonga kioo, na mji ukarudi na makelele yake.

Asiyeijua Kipawa atauliza, kwani magari yenyewe yalikuwa na tatizo gani? Hayakuwa na tatizo. Watu waliuliza maswali ya kawaida. Umeme ukikatika je? Nitalinunulia umeme wa LUKU yake peke yake? Nikienda Moshi Krismasi nitalichaji kwa nani njiani? Tupokigwe alikuwa na majibu ya yote hayo, mazuri, na wateja walitingisha vichwa wakaridhika. Tatizo lilikuja pale mteja aliporudi na fundi.

Maana Dar hakuna mtu mwenye akili zake anayenunua gari bila fundi. Siyo fundi wa yadi, huyo haaminiki hata akiapa. Fundi wako mwenyewe, uliyepewa na shemeji au jirani. Na kuanzia Kipawa mpaka Buguruni, shemeji wote na majirani wote walikuwa na fundi mmoja, mzee Shomari. Alikuja na kofia yake ya kiua na shati la mikono mirefu lililopigwa pasi, akaomba gari liwashwe, akainua kidole watu wanyamaze. Hapo hata muuza karanga aliacha kuchezesha sarafu zake. Mzee alifumba macho, akalaza kiganja juu ya injini, akakaa hivyo muda mrefu kama anayesubiri habari kutoka mbali. Halafu alisema moja kati ya mawili, "lina moyo" au "halina moyo". Aliyeambiwa lina moyo alilipa siku hiyohiyo.

Mbele ya magari ya umeme alilaza kiganja, akasubiri, akasogeza kiganja, akasubiri tena. Kisha alifunga boneti polepole, kwa heshima, kama anayemfunika marehemu.

"Halina moyo," alisema. Mteja akahamia kwenye haibridi, na mstari wa kijani ukapanda tena.

Wiki ya mwisho ya mwezi akaja mwanamke mmoja, Jenipher, mwalimu wa sekondari anayekaa Kawe. Hakuuliza maswali ya LUKU. Aliingia kwenye lile gari la buluu, akafunga mlango, akakaa tu, mikono juu ya usukani. Tupokigwe alikaa pembeni yake, akajua kutokana na ule ukimya kwamba huyu ni mtu kama yeye.

"Nafundisha darasa la watoto themanini," Jenipher alisema baadaye, macho mbele. "Sijui mara ya mwisho kusikia kimya ilikuwa lini. Dada, hili nalitaka."

"Lichukue."

"Nitakuja Jumamosi na fundi. Nisipoleta fundi, kaka zangu watanisema mpaka nife. Nimeelekezwa kwa mzee mmoja wa Buguruni, anaitwa Shomari. Unamfahamu?"

"Namfahamu," Tupokigwe alisema. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya mwezi.

Kesho yake jioni alikwenda Buguruni. Alikuwa amejipanga vizuri njia nzima, atamwamkia mzee, atamweleza kwamba gari la umeme halitetemeki, kwamba kutulia kwake ndiyo uzima wake. Nyumba ilikuwa imebanwa kati ya barabara na mashine ya kusaga, na mashine ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba kuta zilitikisika. Uani, mke wa mzee, Bi Rukaiya, alikuwa akipepeta mchele. Mzee mwenyewe alikaa kwenye benchi, ameupa mlango mgongo, akisugua plagi kwa kitambaa.

"Shikamoo mzee," Tupokigwe alisema. Mzee aliendelea kusugua.

"Shikamoo, baba!" Alipaza sauti, akasogea mpaka angeweza kumgusa. Hakuna kitu. Kivuli chake kilipoangukia ile plagi, ndipo mzee aliposhtuka na kugeuka, akatabasamu haraka, akasema "marahaba, marahaba" kabla hajaamkiwa tena. Tupokigwe alimwangalia usoni. Macho ya mzee yalikuwa yameganda kwenye midomo yake, yakisubiri.

Bi Rukaiya aliweka ungo chini. Alimshika Tupokigwe mkono, akamtoa mpaka kwenye kibaraza.

"Umeshaona," alisema.

"Nimeona, mama."

"Wewe ni wa ile yadi. Basi bora nikwambie mie kuliko ubuni mwenyewe. Masikio yamechoka, mwanangu. Maisha yake yote ameyaweka kwenye injini. Akiwa kwenye kelele hapati hata neno, sauti zote zinamwingilia kwa pamoja kama uji. Na sie hapa kelele inaisha saa ngapi? Mchana mashine, jioni baa, alfajiri malori ya sokoni. Gari yeye halisikilizagi siku hizi. Analigusa."

"Pole, mama," Tupokigwe alisema.

"Pole ya nini, mkono wake haudanganyi. Gari alilosema zima ni zima." Alitazama kule uani. "Ila mie ndo nimepungukiwa. Nikitaka kumwambia kitu lazima nipige kelele, na maneno ya mtu na mumewe hayapigiwi kelele, majirani wasikie. Basi nikaacha. Naongea peke yangu tu, natwanga naongea, nafua naongea. Nimeshazoea." Kisha akamkaza mkono. "Usimwambie mtu. Wakijua, nani atamwita tena? Nakuomba kama mwanangu wa kumzaa."

Tupokigwe aliondoka bila kusema kilichompeleka. Alitembea kwa miguu mpaka akapoteza hesabu ya vituo, taa za maduka zikiwaka mojamoja, na mawazo yalikuwa yakimjia bila mpangilio, kama watu wanaopita usingizini. Kwa hiyo ule mstari wa kijani, pamoja na petroli zake na bei zake, ulipandishwa na kiganja cha mtu mmoja. Haibridi ilinguruma, ikazima, ikanguruma tena, na mzee akaipata mkononi. La umeme halikumpa kitu cha kushika. Miezi yote ile alikuwa akichora mkono wa mzee Shomari kwenye uzio na kudhani anachora Dar es Salaam.

Na sasa alikuwa na sentensi moja mdomoni inayotosha kuyaokoa magari yake yote. Mzee huyu hasikii. Mwalimu angeduwaa, wateja wangetafuta mafundi wengine, wenye vipimo vya kuchomeka, na mstari wa buluu ungeinuka. Aliijaribu ile sentensi kichwani siku zote zilizobaki, akiwa anapiga mswaki, akiwa anafuta vioo. Kila mara alimwona Bi Rukaiya na ungo wake. Alijichukia kwa kuiwaza, na aliendelea kuiwaza, na huo ndio ukweli.

Jumamosi waliingia watatu getini. Jenipher mbele, mzee Shomari na kofia yake, na nyuma yao Bi Rukaiya kwenye khanga mpya, macho hayatoki kwa Tupokigwe. Hakuna mke wa fundi anayemsindikiza mumewe kukagua gari. Alikuja kuona kama siri yake itafika salama jioni. Madam Kokuberwa alitoka akasimama mlangoni mwa ofisi na kikombe cha kahawa.

Mzee aliinua kidole, watu wakanyamaza. Ndege ilipita juu, ikameza kila kitu, ikaondoka. Alilaza kiganja, akasubiri. Tupokigwe alikiangalia kile kiganja, kilivyochakaa, mistari yake myeusi isiyotoka kwa sabuni, na akaona jinsi kilivyokuwa kikitafuta. Kilitafuta kwa dhati kabisa. Kikakosa.

"Halina moyo, mwalimu," mzee alisema, akafunga boneti.

Jenipher alishusha mabega. Alimgeukia Tupokigwe, uso umejaa matumaini ya mwisho. "Dada, wewe unasemaje? Si umekaa nalo miezi yote hii?"

Ile sentensi ilikuja mpaka kwenye meno. Madam alikuwa ameacha kunywa kahawa. Bi Rukaiya alikuwa ameshika ncha ya khanga kwa mikono miwili, na midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, huenda ni dua.

"Nasema tulizungushe kidogo," Tupokigwe alisema. "Wote. Halafu mwalimu ataamua mwenyewe."

Hakuwa na mpango wowote. Alitaka muda tu, kama mtoto anayeomba maji ili asiende kulala. Yeye alishika usukani, mzee akakaa mbele, wanawake wawili wakakaa nyuma. Milango ikafungwa, mmoja baada ya mwingine, na Kipawa ikarudi nyuma.

Walitoka getini bila mtu kugeuka. Gari lilipita kwenye vijia vya ndani kana kwamba limekatwa kamba, likapita saluni, likapita genge la nyanya, kuku wakikumbuka kuondoka dakika ya mwisho. Mwanga wa saa kumi ulikuwa umeingia ndani na kukaa kwenye viti kama abiria wa tano. Penye kona lori la matofali lilikuwa linarudi nyuma, dereva wake akipiga kelele ambazo hazikuwafikia, na Tupokigwe alisimamisha gari kumsubiri. Kilichobaki ndani kilikuwa pumzi zao.

Nyuma, Bi Rukaiya alianza kuongea. Hakuwa akimwambia mtu. Alitazama nje ya dirisha, sauti yake ya chini kabisa, sauti ya mtu anayefua nguo zake.

"Amekonda huyu jamani. Shingo hiyo, kola inazunguka. Hata samaki wa jana hakumaliza, sijui anaumwa na hasemi."

"Siumwi," mzee Shomari alisema. "Ulizidisha chumvi."

Lori liliendelea kurudi nyuma. Tupokigwe hakuthubutu kumtazama mzee. Kwenye kioo aliona mkono wa Bi Rukaiya umesimama hewani, nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Shomari?" Aliita kwa sauti ileile ya chini.

"Naam."

"Unanisikia?"

"Nakusikia," alisema. Alionekana yeye mwenyewe anashangaa, akageuza kichwa upande huu na ule kama anayesikiliza chumba. "Rukaiya, nakusikia. Sema tena."

Lakini Bi Rukaiya, ambaye ameongea peke yake kwa miaka yote hiyo, hakupata neno hata moja. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika, na Jenipher alimshika mkono akamwangalia Tupokigwe kwenye kioo, naye akaelewa yote bila kuambiwa. Machozi yalimtoka mwalimu. Tupokigwe alilia pia, usiulize kwa nini, mikono ikiwa bado kwenye usukani.

Lori lilipoondoka njiani, mzee alivua kofia yake, akaiweka gotini.

"Mwalimu, nisamehe," alisema. "Mie masikio yangu yaliondoka zamani. Napima kwa mkono, na gari hili mkono wangu haulijui. Nilichokwambia pale sikuwa na haki ya kukisema. Ukitaka kulipima, tafuta mtu mwingine."

"Shomari, unajiharibia kazi," Bi Rukaiya alisema ndani ya khanga.

"Iharibike," mzee alijibu. "Hizo chumvi ulizidisha kwa sababu gani? Mimi nilidhani umenikasirikia."

"Nikukasirikie kwa lipi? Nilikuwa namuwaza dada yako kule Lindi. Nilikwambia, wiki nzima nakwambia."

"Dada ana nini?"

Basi akamweleza. Alimweleza habari za dada, na za paa la jikoni, na za binti yao aliyepiga simu, na za jirani aliyehama bila kuaga, yote kwa sauti ya kitandani, na mzee alikuwa akijibu, akiuliza, akicheka mara moja kwa nguvu mpaka kiti kikatikisika. Tupokigwe aliliongoza gari kwa njia ndefu kuliko zote alizozijua. Alilirudisha yadini polepole, akalisimamisha pale pale lilipokuwa, na wale wawili hawakujua kwamba limesimama.

Alifungua mlango wake taratibu, Jenipher akafungua wa upande wake, wakashuka na kuirudishia milango bila kuibamiza. Kelele za barabarani ziliwapiga usoni. Nyuma ya kioo Bi Rukaiya alikuwa amehamia katikati ya kiti, ameinamia mbele, kidevu karibu na bega la mumewe, na midomo yake ilikuwa ikienda tu.

Madam Kokuberwa alikuja mbiombio, kikombe bado mkononi.

"Tupo, niambie. Limetoka au halijatoka? Na hao mbona hawashuki?"

Ni Jenipher aliyejibu, akijifuta macho kwa kiganja, akisimama kati ya Madam na mlango wa gari.

"Limetoka, mama. Ni langu," alisema. "Ila waacheni wamalize kwanza."